Rosi Anataka Redio Yake

Kila jioni, baada ya kuvua sare ya shule, Chepkorir alipasha maji moto, akachukua ndoo na kwenda zizini kumkamua Rosi. Kwao ni Kapseret, upande ule ambao ndege hupita chini chini zikienda kutua, kwa hiyo ng'ombe wa huko wamezoea kelele. Rosi hakujali ndege hata kidogo. Alichojali ni redio kuukuu iliyoning'inia msumarini, ambayo alikuwa akiisikia ikizungumza Kikalenjin tangu akiwa mtamba.

Siku moja baba yake Chepkorir, Mzee Kiplimo, alikwenda Eldoret mjini akarudi na mambo mapya: kidude cha kuchomeka kwenye televisheni ili filamu zitoke kwenye intaneti, na spika ya duara ambayo ukiiambia icheze wimbo, inaucheza. Nyumba nzima ilipagawa. Baba alitembea kifua mbele utadhani vifaa hivyo ameviunda yeye. Ile redio ya zizini akampa fundi aifungue atoe vipuri.

"Boma hili limeendelea," alisema. "Hatutaki takataka."

Tangu hapo maziwa yakapungua. Rosi alisimama tu, akageuza masikio huku na huku, akayabana maziwa yake. Ndoo iliyozoea kujaa ikawa haifiki hata nusu.

"Maziwa inaenda wapi?" Baba aliuliza.

"Rosi anaibana, Baba. Anataka redio yake."

Baba alicheka, kisha akakunja uso. "Ng'ombe anataka redio! Sema tu unauzia watu huko barabarani."

"Siuzi."

"Basi hutaingia sebuleni kutazama chochote mpaka uniombe msamaha."

"Siwezi kuomba msamaha kwa kitu sijafanya."

Jikoni, Mama alimnong'oneza, "Sema tu pole, mambo yaishe."

"Nikisema pole, Mama, nitakuwa nimekubali mimi ni mwizi."

Iliuma, asikwambie mtu. Ndugu zake walikuwa sebuleni wakicheka mbavu ziwaume, naye amekaa jikoni akichambua maharagwe. Lakini pole hakusema.

Jumamosi wageni walikuja kuiona spika, akiwemo jirani yao, Mwalimu Bethwel. Baba alijisifu weee, halafu akaongeza, "Hapa tuna kila kitu. Shida ni huyu msichana anayeniibia maziwa."

Chepkorir, aliyekuwa akiwaletea chai, alilitua birika mezani kwa kishindo. Sasa jina lake lilikuwa limeharibiwa mbele ya watu.

Wageni walipotoka kwenda kuangalia mahindi, aliipitisha spika dirishani pamoja na waya mrefu wa umeme, akaiweka zizini juu ya debe. Kwa Kiingereza chake cha shule, akaiamuru ifungue stesheni ileile ya Kikalenjin. Mtangazaji alipoanza kuzungumza, Rosi alitulia, akaanza kucheua. Chepkorir alikanda kiwele, na maziwa yakaja kwa nguvu.

"Chepkorir!" Baba alikuwa ameufuata waya mpaka mlangoni, wageni na Mama nyuma yake. "Nani alikuruhusu kushika spika yangu?"

"Hakuna. Lakini angalia ndoo kwanza, Baba."

Povu lilikuwa limefika ukingoni, na maziwa bado yanakuja.

Mwalimu Bethwel aliangua kicheko. "Mzee, wewe uliendelea, ukamwacha ng'ombe nyuma!"

Baba hakucheka. Aliitazama ndoo, akamtazama binti yake, kisha akavua kofia.

"Nyinyi wote mlinisikia nikisema huyu mtoto ni mwizi," alisema. "Basi nisikieni tena: nilimsingizia. Pole, mwanangu. Uliniambia ukweli, mimi nikakucheka."

Machozi yalimtoka Chepkorir, lakini mikono yake haikuacha kukamua.

Mama alisogea karibu. "Spika ungeiomba. Hapo umekosea, na kesho utaosha zizi peke yako. Lakini pale jikoni nilikushauri vibaya. Kosa ambalo hukulifanya usilitubu, hata unyimwe nini. Ukikubali uongo leo ili upate raha kidogo, kesho ukisema ukweli ni nani atakuamini?"

"Nitaosha, Mama," Chepkorir alijibu. "Lakini spika haitoki hapa mpaka Rosi amalize."