Tuliona Unaandika

"Dakika arobaini," alisema muuguzi, akitupa gauni la tatu ndani ya begi. "Nimekaa chumba cha mapumziko, chai imenipoa mkononi, natazama simu inaniambia mume wangu anaandika. Anaandika. Anaandika. Halafu kimya. Bwana, ulikuwa unaandika wasia?"

Mumewe, fundi saa, alisimama mlangoni, miwani yake ya kazi bado imepanda juu ya paji la uso.

"Niliandika jibu."

"Likaenda wapi?"

"Sikulituma."

Muuguzi alicheka kicheko kisicho na furaha. Asubuhi hiyo, katika kundi la ukoo kwenye simu, walijadili nani aliyekosa kikao cha Jumapili, na shangazi wa mumewe akaandika: "Nyumba ya fundi saa ina saa ukuta mzima, lakini mkewe hana hata moja ya kutugawia sisi." Watu kumi na mmoja wakacheka chini ya maneno hayo. Naye muuguzi Jumapili hiyo alikuwa zamu, miguu imemvimba kama mikate.

"Mdogo wako kauliza mbele ya watu wote, 'Kaka, tuliona unaandika, umefuta nini?' Ukoo mzima sasa unajua mume wangu alikuwa na neno la kunitetea, akalimeza. Heri ungelala usingizi. Ningesema hakuona."

"Mke wangu, unajua kazi yangu. Saa nikishaitengeneza simpi mwenyewe siku hiyo hiyo. Naiacha mezani mpaka kesho yake, nione inapoteza dakika ngapi. Na majibu yangu nayafanya hivyo hivyo. Nayanakili kwenye simu, nayalaza. Kesho yake naona yamekosea wapi."

"Mimi si saa. Mimi siwekwi mezani."

Akafunga zipu ya begi. Ilikwama katikati, akaivuta kwa hasira, ikazidi kukwama. Fundi akanyoosha mkono kuisaidia.

"Usiguse. Nakwenda kwa mama. Mume asiye na ulimi, nyumba yake ni ya nani?"

Fundi akatoa simu, akaifungua, akamwekea mkononi.

Yalikuwa majibu thelathini na saba, yamepangwa kwa tarehe. Lilikuwapo la kumjibu shemeji aliyemwita mke "mgeni wa nyumba". Lilikuwapo hata la kumjibu mama yake fundi mwenyewe, kali kuliko yote, ambalo muuguzi alilisoma mara mbili huku akiuma mdomo asicheke. La mwisho lilikuwa la asubuhi:

"Shangazi, zile siku tisa ulizosema umesafiri, ulikuwa umelazwa wodini. Aliyekuogesha na kukubadilishia shuka ni huyu unayemcheka. Niendelee?"

Muuguzi aliketi kitandani. Siri ile waliijua watu watatu tu: shangazi, yeye, na fundi aliyekuwa akipeleka uji. Mgonjwa alimshika mkono akamwomba isitoke, naye akaahidi.

"Ungetuma hili?"

"Kidole kilikuwa pale pale. Nikakumbuka ahadi si yangu, ni yako."

Muuguzi akaiweka simu kitandani. Hasira haikuondoka, Mola ni shahidi. Ilibadilisha kiti tu.

"Sawa. Hili hukutuma, umefanya vema. Lakini baina ya kumvua mtu nguo na kunyamaza, maneno yote ya dunia yamekwisha? Umekosa hata moja la katikati?"

Fundi alikuna kichwa. Kisha akachukua simu, akapiga, akaweka sauti juu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Tuliona unaandika, baba, tukangoja mpaka macho yakauma."

"Ninasema kwa mdomo. Mke wangu akikosea, niambie mimi, si ukoo. Na Jumapili alikuwa kazini. Kazi yake, Shangazi, wewe waijua kuliko wote."



"Naijua, mwanangu," alisema shangazi, sauti imeshuka. "Nipe muda."

Simu ikakatika. Muda mfupi baadaye wakaona kundini, wote wawili, vichwa vimegusana: Shangazi anaandika. Ikazimika. Ikarudi. Mwishowe likaja:

"Neno langu la asubuhi halikuwa la haki. Nimemkosea mkamwana. Kikao kijacho kitangoja atoke zamu."

Fundi akaenda kuleta koleo ndogo ya kufungulia zipu. Muuguzi akabaki na simu yake mwenyewe, vidole vikikimbia: "Leo ndiyo umekumbuka? Na wale kumi na mmoja waliocheka, nao wataomba radhi lini?"

Lilikuwa jibu zuri. Alilisoma tena, akaliona linang'aa.

"Naona unaandika," mumewe alisema kutoka sebuleni.

Akalifuta herufi kwa herufi, akaiweka simu kifudifudi.

"Nilikuwa," alisema. "Njoo na hiyo koleo, nataka kutoa nguo zangu."