Risasi Ambayo Hakuna Aliyeifyatua

Jumamosi asubuhi Redio alisugua masufuria huku akiua watu kichwani. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu hazimiki.

Mchana wenzake wangekuja kwa mchezo wao wa kusimulia. Redio ndiye msimulizi: hueleza yanayotokea katika mji mkavu wa wachunga ng'ombe wenye farasi na bastola, wenzake husema wanafanya nini, na dadu huamua kama wamefaulu. Kila mara huandaa ndoano, yaani visa vya kuwanasa wasitake kurudi kwao. Leo askari mkuu wa mji angeuawa kwa risasi. Ndugu zake wangekuja kulipiza kisasi, wachome benki, wamburute muuaji nyuma ya farasi hadi ngozi imtoke. Ndoano zote zilining'inia kwenye kifo hicho kimoja.

Walikaa sakafuni sebuleni, karibu na cherehani ya mama: Redio, jirani yao Miwani, na Kifaru, mtoto wa shangazi yake.

"Askari mkuu anakutemea mate usoni," Redio alimwambia Kifaru. "Utafanya nini?"

"Nampiga!" Kifaru akarusha dadu. Sita: amefaulu.

"Risasi inampasua koo! Damu inaruka hadi dirishani. Anakoroma, anakufa."

"Risasi ya nini? Nimempiga ngumi!"

"Hukusema ngumi."

"Bastola sijaigusa! Nilitaka aone nguvu zangu anipe kazi."

"Umeshaua. Muuaji wee!"

Kifaru akaipiga teke dadu. Redio akamkaba ukosi. Kifaru akamsukuma hadi kisogo kikagonga ukuta, na Redio akarudi na ngumi iliyompasua mdomo. Damu ikachuruzika hadi kwenye shati.

"Mama, wanauana!" Miwani alipiga kelele.

Mama aliwatenganisha kwa kuwavuta masikio, akambana Kifaru mdomo kwa kitambaa chenye maji baridi.

"Miwani, Kifaru alisemaje?"

"Alisema, 'Nampiga.'"

"Basi. Mimi napiga pasi, napiga simu, napiga mswaki. Nimemuua nani?"

Miwani akacheka. Kifaru naye akajaribu, mdomo ukamuuma.

"Redio, ulisikia risasi, au ulitaka iwe risasi?"

Redio aliinamisha kichwa. "Nilijua ni ngumi. Ila bila maiti visa vyangu vyote vinakufa."

Kifaru akasimama. "Mimi sichezi tena na mwongo."

Redio akamshika mkono. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuonea. Askari yu hai. Nipige na wewe, yaishe."

"Hapigwi mtu tena humu ndani," mama alisema. "Sikiliza, Redio. Anayeongoza mchezo, wenzake wameyaamini masikio yake. Ukipindisha neno la mwenzako ili mipango yako inyooke, huo ni uongo, uwe mchezoni au mahakamani. Hujaelewa? Uliza. Na damu ya hadithi haichafui nguo. Hiyo ya shati utaifua wewe."

Redio alilifua mpaka likatakata. Aliporudi, Kifaru alikuwa ameketi, dadu mkononi.

"Haya. Nimempiga ngumi. Anafanyaje?"

Redio hakuwa na kisa tayari. Akabuni papo hapo.

"Anatema jino. Anakutazama. Anasema, 'Ndugu zangu wanakuja leo kuniua. Ngumi kama hiyo naihitaji upande wangu.'"

Miwani akasogea karibu. Kifaru akasahau kitambaa.

"Wako wangapi hao ndugu?" aliuliza mama, mguu wake umetulia juu ya pedali ya cherehani.