Kitanda cha Kumi

Haya yote niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, na asiyetaka kuamini aje mtaani kwetu Yeoville aniulize. Mimi ni mlinzi wa jengo analoishi Mwende, na hakuna kinachopita mlango wangu nisikijue, hata yale ya kazini kwake Doornfontein, hata ya ndani ya kompyuta. Nilifikaje humo? Wewe sikiliza kwanza. Shule niliiacha darasa la sita, lakini Antaktika naijua kuliko maprofesa wawili watatu ninaowafungulia geti.

Mwende ni Mkamba wa Kitui, miaka arobaini na minane. Mume alishazikwa. Binti yake Cheryl alihamia Durban, na kila ujumbe wa mama yake aliujibu kwa kidole gumba, basi. Kazi ya Mwende ilikuwa kupanga safari ya wanasayansi wa nchi kumi na moja, waliotaka kupima kwa pamoja barafu ya ncha ya kusini ya dunia. Watu kumi wangelala kituoni majira yote ya baridi, miezi minane isiyo na meli wala ndege. Vitanda kumi, orodha moja, na sharti moja: ikifika Ijumaa ya kufunga orodha, kitanda kisicho na jina hupewa nchi nyingine.

Kitanda cha kumi kilikuwa cha Kip, kijana wao wa kupima barafu. Ijumaa ikafika, cheti chake cha meno hakijatoka, na bila cheti hicho hupandi meli, kwa sababu jino likikuuma kule utalia nalo mpaka meli irudi. Mwende akafanya ujanja. Akaandika jina la kushikia nafasi: Elkana Mutiso. Alilitoa hewani tu. Cheti kikitoka angelifuta.

Jumatatu saa nne asubuhi mkutano ukafunguka kwenye skrini. Mwenyekiti, mama mmoja wa Norwe, akasoma vitanda kimoja kimoja, watu wakiitika.

"Kitanda cha kumi, Elkana Mutiso."

"Nipo," sauti ikajibu.

Kisanduku cheusi kilikuwa kimefunguka pembeni mwa skrini. Hakina sura. Nyuma ya sauti upepo ulivuma, na ofisini kukanuka chumvi na mwani, katika mji ambao bahari yake iko mwendo wa saa sita kwa gari.

Daktari Sidney, mkuu wa Mwende na Mkenya mwenzake, akachungulia mlangoni. "Huyo kijana wako ana sauti ya redio. Umemwokota wapi?"

"Nyumbani," Mwende akasema.

"Mwambie awashe kamera. Na hiyo hita yako iangaliwe, hapa pamekuwa friji."

Mkutano ukaisha, visanduku vikazimika. Kile cheusi kikabaki.

"Umekula, Mwende?" kikauliza. Kwa Kikamba.

Angepaswa kukimbia. Mimi ningekimbia, na mbio zangu zinajulikana mpaka mtaa wa Berea. Lakini tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyemuuliza kama amekula. Akajibu polepole, "Bado."

"Kula basi. Nitakungoja."

Ikawa ndiyo desturi. Saa saba mchana anafungua kibakuli chake cha githeri, mahindi na maharage, mbele ya skrini, anavaa koti, na wanaongea. Alimweleza habari za Cheryl, za mume, za Jumapili ndefu asipofunua mdomo ila kumsalimu muuza nyanya. Yeye Elkana habari zake zilikuwa moja tu: huko aliko ni giza, na hajawahi kuwa na pa kulala.

Wiki ya tatu fomu za nguo walizojaza wasafiri zikarudi. Mwende akaifungua ya kitanda cha kumi. Koti: sihitaji. Viatu: sina pa kuvivalia. Ndugu wa karibu: Mwende. Tarehe ya kurudi: sirudi, na hawa tisa nitabaki nao.

Akaisoma mara mbili. Siku hiyohiyo cheti cha Kip kilikuwa kimetoka, kwa hiyo akalifuta jina la Elkana akaandika la Kip. Asubuhi akakuta Elkana yupo. Akafuta tena. Likarudi tena, na barafu ikatanda kwenye skrini, kwa ndani.

Ndipo akaenda kwa Sumaiya, mwanamke wa Tanga anayeshona nguo mtaani kwetu na kuwajua majini kwa makabila yao. Sumaiya alimsikiliza huku pini ziko mdomoni.

"Hukumwita, mdogo wangu," akanong'ona. "Umempa jina na kitanda. Kwa kiumbe asiye na kwao, hayo ni makazi. Umemwandika mbele ya watu, mfute mbele ya watu. Utubu uongo wako kwa kinywa chako, kisha mwambie hana kitanda."

"Nitapoteza kazi, dada. Na Kip atapoteza nafasi."

"Basi wafungie wale tisa naye gizani."

Mkutano uliofuata Mwende akaomba kusema, na alipoanza tu, kwamba jina lile alilitunga, kwamba hakuna mtu kama huyo, taa za ofisi zikafifia na ile harufu ya mwani ikamjaa kooni mpaka akawa anameza chumvi, na upepo ukatoka kwenye skrini ukipeperusha karatasi za mezani, na vidole vikamfa ganzi kimoja baada ya kingine, naye akaendelea kusema, akisikia pembeni ya sikio lake pumzi ya mtu asiyekuwepo, pumzi baridi, isiyo na hasira, ya kuomba tu, mpaka akafika mwisho: "Elkana, huna kitanda."

Ile sauti ikaja, ndogo kama ya mtoto: "Mwende, sasa nitalala wapi?"

Kisanduku kikazimika.

"Eish, Mwende," Sidney akasema taratibu. "Umetuvua nguo mbele ya nchi kumi na moja."

Kitanda wakapewa Wachile. Kip akaambiwa angoje mwaka mwingine. Mwende akanyang'anywa orodha, akahamishiwa chumba cha mafaili kisicho na kompyuta. Desemba meli ikaondoka Cape Town na watu kumi wazima, na mpaka leo wote wanapiga simu nyumbani. Mwende naye, saa saba mchana, alikula akitazama ukuta.

Mwezi uliopita mwenye jengo letu alitaka daftari la wapangaji: kila chumba, kila anayelala humo. Mwende akashuka jioni, jua bado lipo. Akaandika jina lake. Akasita. Chini yake akaandika la pili: Elkana Mutiso. Machozi yalikuwa yakidondokea karatasi.

"Mama Cheryl," nikamwambia, "kanuni ni nimwone kwanza huyo mpangaji."

"Ameshapanda," akasema.

Nikageuka. Ngazi zilikuwa na maji, alama moja kila kipandio, na nilipoyaonja yalikuwa na chumvi.

Hayo yote ni kweli tupu. Nimetunga kitu kimoja tu, ili ulale vizuri: yale machozi. Hakulia. Alikuwa akitabasamu, na akaniuliza bei ya kitanda cha wawili.