Gunia la Mahameli

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2003, saa kumi na mbili jioni, umeme ulikatika mtaani kwetu Jeppestown. Rafiki yangu Jeanne, fundi cherehani, alikuwa ameshona gunia la mahameli kwa ajili ya mchezo wa kuigiza kuhusu mfalme wa zamani wa Thailand. Mfalme gani! Mwizi wa kiti cha enzi, aliyemfunga mtoto wa kaka yake, mfalme mtoto, katika gunia kama hilo akamuua kwa rungu. Taji halimwoshi muuaji.

Mume wa Jeanne, mdogo wangu Thierry, alikuwa ameingia ndani ya gunia kulipima.

“Funga, mama! Leo wewe ndiwe mfalme!” alimtania mkewe.

“Eish, papa, toka humo!”

Gizani rungu likasikika likilipiga gunia, pu, pu, ilhali Jeanne hakuwa na kitu mkononi. Jeanne akalikumbatia gunia, akapapasa vichwa viwili ndani yake, kimoja kidogo kama cha mtoto.

Umeme uliporudi, Thierry alikuwamo peke yake, amekufa.

Ee Bwana, uwapumzishe wote wawili, mdogo wangu na yule mfalme mtoto.