Siku ya Ngazini

Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka vipande vipande, na fundi wa lifti aliyeishika alisimama mbele ya kibanda katikati ya jengo la maduka, watu wakimpiga vikumbo kila upande.

"Imeanguka kutoka ghorofa ya ngapi?" aliuliza dada fundi simu bila kuinua kichwa. Alivaa blauzi ya njano, nywele kazifunga juu kwa kitambaa, bisibisi nyembamba kama sindano vidoleni.

"Ya sita."

"Na wewe?"

"Mimi nilibaki juu."

"Una bahati. Wewe nisingeweza kukutengeneza."

Tangu hapo akawa Bwana Lifti, na yeye akamwita Fundi, kana kwamba duniani hakuna fundi mwingine. Haukupita mchana bila simu.

"Umekula?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Mwongo wewe. Kata simu, nina wateja."

Mwezi wa nane wa mapenzi yao, Fundi aliuliza kwenye simu, "Hivi bima yenu ya kazini, mke naye anatibiwa?"

"Anatibiwa. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Bwana Lifti alimsimulia mwenzake wa kazini, na yule akacheka. "Kaa chonjo, ndugu yangu. Wengine huolewa na kadi." Maneno yale yakamganda moyoni.

Wiki iliyofuata walikaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo. Fundi akamwegemea begani. "Mpenzi, twende kwa msajili wa ndoa mwezi huu huu. Sherehe itakuja baadaye."

"Unanitaka mimi," Bwana Lifti aliuliza, "au unataka bima yangu?"

Fundi alijitoa begani kwake. Akasimama, akakung'uta sketi. "Kuna mteja ananingoja," akasema.

Hakupokea simu yake siku tatu, na siku ya nne Bwana Lifti naye akaacha kupiga. Kiburi kikamkalisha nyumbani, akingoja aombwe radhi. Akangoja miezi minne.

Aliporudi kibandani, meza ya kutengenezea ilikuwa na kijana mgeni, na Fundi alikuwa pembeni akiuza makava ya simu. Bwana Lifti alisimama kushoto kwake, hatua moja tu, lakini Fundi hakumwona. Alipomwita ndipo akageuza kichwa chote.

"Jicho limefanya nini?" Bwana Lifti akauliza.

"Lilianza na vimulimuli, kikafuata kivuli. Daktari akasema utando wa ndani unabanduka, nimwone bingwa haraka. Hospitali ya binafsi wakataka kadi ya bima au malipo yote kwanza. Ya serikali nikapewa tarehe ya wiki kumi mbele. Siku nilipoingia, bingwa akaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuja kwenye hilo, siku ile ngazini. Ukanitangulia."

Fundi akaendelea kupanga makava, akiyapapasa kingo kwa vidole.

"Na kadi niliitaka, nisikudanganye. Niliogopa. Lakini ningekuwa nataka kadi peke yake, yule meneja wa duka la viatu alinisumbua mwaka mzima, na bima yake ni nzito kuliko yako."

Bwana Lifti alijaribu kucheka, akaacha. "Twende kwa msajili," akasema. "Kesho."

"Unanionea huruma."

"Najionea aibu. Na nakupenda. Nilikupenda hata nilipokuwa nasema ule upumbavu."

"Nenda kazini, Bwana Lifti. Watu wamekwama huko."

Alikuja kila saa ya chakula kwa wiki tatu, akikaa kulia kwake ili amwone. Mwishoni Fundi akasema, "Haya, lete cheti chako cha kuzaliwa."

Jicho la kulia nalo bingwa alikuwa ameliona lina udhaifu, akataka litibiwe kwa miale ya leza kabla halijafuata mwenzake. Kwa hiyo safari yao ya kwanza kama mume na mke ilikuwa ya kliniki. Karani wa mapokezi, mama wa makamo mwenye miwani, aliigeuza kadi.

"Mpya kabisa. Mmeoana lini?"

"Siku kumi na nane zilizopita," Bwana Lifti alijibu.

Karani akasoma barua ya daktari, akatabasamu kwa wema wa mtu asiye na habari. "Hongereni. Jicho hili mmeliwahi."

Bwana Lifti aliinamia kaunta. Alihisi mkono wa mkewe ukiutafuta wake, ukiukosa, kisha ukiupata.

"Ndiyo, mama," Fundi alijibu kwa niaba yake. "Tumewahi."

Kwa jinsi alivyolisema neno hilo kwa upole, mumewe alitamani afadhali mkewe angemtukana.