Kadi Nyeupe Kwenye Rafu ya Nne

Faili lililoibwa lilikuwa la Mzee Kufuli mwenyewe, mtunza masjala ya siri ya wizara.

Inspekta alifika saa mbili asubuhi. Mlango wa chuma haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alama za vidole kwenye kitasa zilikuwa za watu wanne, wote wenye ruhusa ya kuingia. Kwenye rafu ya nne, mahali pa faili, palisimama kadi nyeupe isiyo na jina wala tarehe.

"Nani aligundua?"

"Mimi," alisema Afisa Upekuzi, mama mwenye miwani ya kuning'inia. "Kila miaka mitano tunawapekua upya wanaoshika siri. Jana mchana nilirudisha faili lake hapa, limefungwa kwa utepe wa lakiri. Leo saa nne natakiwa kumhoji, na asubuhi hii faili halipo."

"Lina nini?"

"Barua ya benki. Anadaiwa, hajalipa mwaka wa pili sasa. Kwenye fomu ameandika hadaiwi."

"Na deni linawahusu nini?"

"Mdaiwa aliyebanwa hununulika, Inspekta. Anakuja mtu na bahasha nene, siri zinatoka."

"Ulishaamua kumnyima kibali cha kushika siri?"

"Maoni yangu yamo humo. Ni siri mpaka mkurugenzi ayaone."

Inspekta aliitazama tena ile kadi. Kabla ya kujiunga na polisi alikuwa karani humu humu, chini ya Mzee Kufuli. Watu walisema ukimwamsha mzee huyo kwenye usingizi wa pono ukamtajia namba ya faili, atakuambia rafu, upande, na nani alilimwagia chai mwaka gani.

Alimkuta mezani pake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko polisi mnakula pingu?"

Inspekta akacheka kidogo, kisha akaweka kadi mezani.

"Mzee, wenzako wakitoa faili huweka kadi kushika nafasi yake?"

"Hao? Wanaacha mapengo kama kinywa cha bibi kizee! Nimefoka mpaka sauti imekauka."

"Nani huweka bila kukosa?"

Mzaha ukamfia mzee mdomoni.

"Mimi."

"Jana jioni je?"

Mzee aliisogeza kadi pembeni. Aliongea na meza.

"Nilishafika mlangoni, mwanangu. Nikarudi. Nilishindwa kuacha pengo."

"Kwa nini ulilichukua?"

"Mama yenu. Figo. Nilikopa asafishwe damu, nikakopa tena. Alipofariki, deni halikumfuata. Nikawa sifungui hata barua za benki. Juzi bahasha yenye mhuri wao ikapita mikononi mwangu, inaingia faili langu. Nikajua nimekwisha. Miezi saba nistaafu, wanivue funguo mbele ya watoto niliowafokea! Mke wangu alikufa akijua mumewe ni mtu wa kuaminiwa. Sikubakiwa na kingine."

"Liko wapi?"

Alilitoa kwenye mkoba, limeviringishwa katika mtandio wa marehemu. Utepe ulikuwa mzima.

"Hukulisoma?"

"Miaka ishirini na nane sijafungua faili la mtu. Nianze leo?"

"Lakini ni lako!"

"Si langu. Ni la serikali."

Inspekta akamwita Afisa Upekuzi, akakata utepe mbele yake. Ukurasa wa juu uliandikwa jana: *Deni limetokana na matibabu ya mke. Hakuna dalili ya tamaa wala kurubuniwa. Aitwe aeleze mwenyewe, arekebishe fomu, apange na benki kulipa kidogo kidogo. Kibali kiendelee.*

"Deni peke yake halimnyimi mtu kibali, Mzee," alisema mama yule. "Kulificha ndiko kubaya. Na hata hilo, ungelisema leo tungelimaliza kwa kalamu. Lakini kuiba faili la siri... sina pa kukupenyezea."

"Saa ngapi sasa?" aliuliza mzee.

"Tatu na nusu."

Aliomba kuona ukurasa. Inspekta akamsogezea. Alisoma kwa kidole, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka kidole kikafika penye neno *mke*. Hapo kikagoma.

"Wamemtaja," alisema.

Inspekta akasimama kumsomea haki zake. Ilimbidi aanze mara tatu.