Tumpe na Boksi la Fyuzi

Tumpe wa Tukuyu hakuogopa ng'ombe. Hakuogopa radi. Aliogopa gari la baba yake. Msimcheke, sikilizeni kwanza.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la enzi za babu. Likiwashwa lilikohoa. Koho, koho, koho!

Chini ya usukani palikuwa na boksi dogo. Ndani ya boksi mlikaa fyuzi. Umeme wa taa ulipita humo.

Mama hakuwepo nyumbani. Alikuwa ameenda kumuuguza bibi. Tumpe alimkumbuka sana.

Jioni moja, Tumpe na baba walikuwa wanatoka sokoni. Ukungu ukashuka. Ukungu mzito, hata miti haionekani.

Baba akawasha taa. Gari likaenda polepole. Mara, pu!

Taa zote zikazimika. Giza totoro.

Moyo wa Tumpe ukapiga paa. Akafumba macho.

"Fyuzi imekatika," baba akasema. "Na nyingine sina."

Basi baba akafanya jambo ambalo watu wengi hulifanya, na si jambo zuri hata kidogo. Akachukua karatasi ya pipi, ile ya kung'aa. Akaizungushia fyuzi. Akairudisha ndani ya boksi.

Taa zikawaka. "Umeona?" baba akasema. "Mambo safi."

Tss... tss... boksi likalia.

"Baba, kunanuka."

"Ni injini tu, mwanangu."

Tss... tss... Moshi! Moshi mweusi ukatoka chini ya usukani.

Baba akasimamisha gari. Akamtoa Tumpe mbio mbio. Akafungua boneti, akachomoa waya wa betri.

Wakasimama kando ya barabara, ndani ya ukungu. Baba akamshika Tumpe mkono, akaukaza. Tumpe hakuwahi kumwona baba akiogopa.

Moyo wa Tumpe ukapiga paa. Akafumba macho.

Walirudi nyumbani kwa miguu.

Asubuhi majirani wakawasaidia kulikokota gari hadi nyumbani. Akaja Shangazi Tusekile, dada yake baba. Shangazi ni fundi umeme wa magari.

Akafungua boksi la fyuzi. Lilikuwa limeungua. "Kaka," akasema, "umeweka karatasi."

Baba akaangalia viatu vyake.

"Njoo, Tumpe," Shangazi akasema. "Fyuzi ni mlinzi. Umeme ukizidi, inakatika ili moto usipite. Karatasi haikatiki. Inaacha moto upite."

"Kwa hiyo pu ni nzuri?"

"Pu inatisha," Shangazi akasema. "Lakini inatulinda."

Tumpe hakuamini sana. Wewe ungeamini?

Shangazi akatoa boksi la zamani. Akafunga boksi jipya na waya mpya. "Zamani taa zote zilitegemea fyuzi moja," akasema. "Sasa kila taa ina fyuzi yake."

Fyuzi mpya zilikuwa na rangi. Nyekundu, bluu, njano. Tumpe akazibonyeza mahali pake. Tik. Tik. Tik.

Jioni simu ikalia. Alikuwa mama. "Nimeshuka kwenye basi, nipo njia panda," akasema. "Ukungu umejaa na niko peke yangu. Njooni mnichukue."

Baba akachukua ufunguo. Tumpe akalitazama gari. Akarudi nyuma hatua moja.

"Ukitaka, baki na Shangazi," baba akamwambia.

Tumpe hakutaka kupanda gari. Lakini alimtaka mama. Alimtaka mama zaidi.

Akapanda.

Koho, koho, koho! Wakaondoka. Ukungu mbele, ukungu nyuma. Tumpe akashika mkanda kwa mikono yote miwili.

Gari likaingia kwenye dimbwi. Pwaa! Maji yakaingia kwenye taa ya kushoto. Pu!

Moyo wa Tumpe ukapiga paa. Akafumba macho. Akasubiri giza. Akasubiri moshi.

Akasubiri tena. Hakusikia tss. Hakusikia harufu.

Akafungua jicho moja. Akafungua la pili. Taa ya kulia ilikuwa bado inawaka. Barabara ilionekana.

"Fyuzi moja imekatika," baba akasema. "Nyingine zipo."

"Usiweke karatasi, baba."

"Siweki, mwanangu. Siweki tena."

Wakaenda kwa taa moja, polepole, polepole. Tumpe alikuwa bado anaogopa. Mikono ilikuwa ya baridi. Lakini hakufumba macho. Alitazama kando ya barabara, wasije wakampita mama.

Ndiye aliyemwona. "Yule pale, baba. Simama."

Mama alikuwa amesimama njia panda, amekumbatia mfuko wake. Akaingia nyuma alikokaa Tumpe, akamvuta kifuani.

"Nimeona taa moja, nikadhani ni pikipiki," mama akasema. "Nikajua hamji. Niliogopa kweli."

"Mimi pia niliogopa," Tumpe akasema. "Nikaja hivyo hivyo."

Mama akamkumbatia kwa nguvu.

Koho, koho, koho, gari likageuza. Kabla hawajafika nyumbani, Tumpe alikuwa ameshalala mapajani mwa mama.